Dorper au kondoo mwekundu wa Kimasai? Tazama malisho kabla ya dume

Anayetaka kuanza kufuga kondoo Kajiado, Narok, Longido au Monduli hufika mnadani akiwa na swali moja: anunue Dorper au abaki na kondoo mwekundu wa Kimasai? Swali hilo huulizwa mbele ya dume, na dume la Dorper lililolishwa vizuri lina mvuto usio rahisi kuupinga, kwa kuwa mgongo wake ni mpana, mapaja yamejaa, na kondoo mwekundu akisimama kando yake huonekana kama mtoto. Mimi humjibu mtu wa namna hiyo kwa maswali mawili yanayohusu ardhi yake wala si dume analolitazama: kondoo wako watakula nini mwezi wa Septemba, na mwezi wa Mei watakula kwenye nyasi za namna gani? Septemba nyasi zimekwisha na maji yako mbali. Mei nyasi ni tele, lakini zimelowa na zimejaa mabuu ya minyoo. Majibu ya maswali hayo mawili yana uzito kuliko sifa zote za dume, kwa sababu mbegu ile ile inayomtajirisha mfugaji mmoja humfilisi jirani yake aliye umbali wa saa moja kwa gari.

Walikotoka

Dorper alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, pale madume ya Dorset Horn yalipopandishwa kwa majike wa Blackhead Persian ili apatikane kondoo wa nyama anayeweza kuishi katika nyanda kavu kama za Karoo, na jina lenyewe limeunganishwa kutokana na majina ya wazazi hao wawili. Chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1950. Inafaa kukumbuka kwamba huyo Blackhead Persian, licha ya jina lake la Kiajemi, asili yake ni kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi, yule yule anayefugwa hadi leo Mandera na Garissa na anayepakiwa melini Berbera kwenda Saudia msimu wa hija. Damu ya upande wetu huu wa Afrika imo ndani ya Dorper tangu mwanzo, na anayedai kwamba Dorper hawezi kabisa nchi kame anamwonea.

Tofauti iko kwenye aina ya ukame. Ukame wa Karoo una uzio: kondoo hulala malishoni, maji yamo ndani ya kitalu, na kwa kuwa nchi ni kavu, minyoo ya tumboni haiwasumbui kondoo mwaka mzima. Kondoo wetu hulala zizini kwa kuogopa fisi na wezi, hutoka jua likiwa limepanda, hutembea kwenda kwenye nyasi, kisha kwenye maji, kisha hurudi jioni, na masaa ya kula aliyobakiwa nayo ni machache. Mvua inaponyesha, kundi zima hukusanyika penye nyasi zile zile mbichi, na mayai ya minyoo yaliyo kwenye kinyesi cha mmoja huwa mabuu ambayo mwenzake huyameza pamoja na nyasi. Kondoo mwekundu hakutengenezwa na kituo chochote cha utafiti. Alichujwa na maisha hayo kizazi baada ya kizazi, na waliobaki ni wale waliotembea, wakaikinza minyoo, wakazaa wakiwa wembamba.

Uzito wa mmoja na uzito wa kundi

Jike mwekundu aliyekomaa mara nyingi huwa na kilo 28 hadi 35. Jike safi wa Dorper katika ranchi yenye nyasi nzuri hufikia kilo 50 na kuzidi. Mwanakondoo wa Dorper akipata maziwa na nyasi bila kukatizwa anaweza kufika kilo 36 akiwa na umri wa miezi mitatu na nusu hadi minne, uzito ambao kondoo mwekundu wengi hawaufikii hata wakiwa wamekomaa. Mbele ya mchinjaji hakuna ubishi: Dorper ana nyama nyingi zaidi kwenye mapaja na mgongoni, na kwa kuwa minadani kwetu bei hupangwa kwa jicho na kwa mkono uliopapasa kiuno, si kwa mizani, umbo hilo hulipwa papo hapo.

Hata hivyo, mfugaji hauzi kondoo mmoja bali huuza kile ambacho ardhi yake imekizalisha kwa mwaka. Kondoo hula takriban asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, ikihesabiwa kama nyasi zilizokaushwa, kwa hiyo jike wa kilo 50 huhitaji kama kilo moja na nusu na jike wa kilo 30 huhitaji karibu kilo moja. Malisho yanayowatosha majike 100 wa Dorper yanaweza kuwatosha majike wekundu 150 hivi. Ukilinganisha dume kwa dume, Dorper anashinda. Ukilinganisha ekari kwa ekari, ushindi huo hupungua sana hata kabla hatujataja vifo, na vifo ndivyo vinavyogeuza hesabu yote.

Malisho yenye unyevu: hapa pengo ni kubwa

Mnyoo unaoamua mambo katika malisho ya joto na unyevu ni ule uitwao kitaalamu Haemonchus contortus. Hukaa katika tumbo la nne la kondoo na kunyonya damu, na jike lake hutambulika kwa macho kondoo anapopasuliwa, kwa kuwa utumbo wake uliojaa damu umejizungusha kwenye mifuko myeupe ya mayai, likaonekana kama kamba nyekundu na nyeupe iliyosokotwa. Mnyoo mmoja hunyonya damu kidogo, takriban sehemu moja ya ishirini ya mililita kwa siku, lakini kondoo mwenye minyoo 1,000 hupoteza mililita 50 kila siku, na kondoo wa kilo 30 ana damu ya lita 2 hivi tu mwilini. Jike la mnyoo hutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, na kukiwa na joto na unyevu mabuu huwa tayari kuambukiza baada ya kama juma moja, yakapanda kwenye majani pamoja na umande na kukaa sehemu ya chini ya nyasi, sentimita chache tu kutoka ardhini. Tangu kondoo ameze mabuu hadi aanze kumwaga mayai ni majuma matatu hivi. Ndiyo maana kundi lililoonekana zima mwanzo wa Aprili linaweza kuanza kuanguka katikati ya Mei.

Msimu wangu wa kwanza niliwalisha majike 7 wa Dorper kandokando ya kinamasi karibu na Kimana, nikifurahia kwamba walikuwa na nyasi mbichi wakati wengine walikuwa wakihangaika. Sikuwa nimefundishwa kuangalia macho. Nilichokiona kwanza ni jike mmoja aliyebaki nyuma kundi likirudi, kisha uvimbe laini chini ya taya lake, kama mfuko mdogo wa maji, ambao asubuhi ulikuwa umepungua nikadhani amepona. Alikufa siku ya tatu, na wawili wakamfuata kabla mvua haijakatika. Kope zao za ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi. Majike wekundu wa jirani yangu walikuwa wakila kwenye kinamasi hicho hicho, na hata mmoja hakufa.

Yaliyonipata mimi kwa majike saba yalikwisha kupimwa kwa uangalifu mkubwa na watafiti. Kati ya mwaka 1991 na 1996, katika shamba moja la Diani, pwani ya Kenya, ambako hewa ina unyevu na minyoo haipumziki, kondoo wekundu wa Kimasai, Dorper na machotara wao walifugwa pamoja chini ya utafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo ambayo leo inaitwa ILRI. Wana wa Dorper walizaliwa wakubwa kuliko wana wa kondoo wekundu, jambo lililotarajiwa. Lakini wana wekundu walimwaga mayai machache zaidi ya minyoo, damu yao haikupungua kwa kiasi kile, na walikufa wachache zaidi kwa mbali, hata ilipohesabiwa tija ya kundi zima, kundi jekundu lilizidi kundi la Dorper mara kadhaa. Sisemi lilizidi kidogo. Katika mazingira ya namna hiyo kulinganisha mbegu hizi mbili kwa uzito wa dume ni kujidanganya, kwa sababu mwanakondoo mzito aliyekufa akiwa na miezi mitano hana kilo hata moja ya kuuza.

Ukinzani huo wa kondoo mwekundu haumfanyi awe salama kabisa. Mwili wake huzuia minyoo mingi isikomae na isitage, lakini mwanakondoo aliyeachishwa maziwa karibuni bado hajajenga kinga, na jike wa mbegu yoyote hupungukiwa kinga majuma ya kuzaa na kunyonyesha, akaanza kumwaga mayai mengi wakati ule ule ambapo wanawe wanaanza kuonja nyasi. Tena kinga hujengwa kwa chakula: kondoo mwekundu aliyekonda kwa kukosa protini huanza kufanana na Dorper kwa udhaifu wake mbele ya minyoo.

Kwa hiyo, ikiwa umechagua Dorper na malisho yako yana unyevu, jifunze kadi ya FAMACHA iliyobuniwa Afrika Kusini, ambayo ina rangi tano kuanzia nyekundu yenye afya, yaani namba 1, hadi nyeupe ya hatari, yaani namba 5. Mshike kondoo, funika jicho kwa kope la juu kwa kidole gumba, lisukume jicho ndani taratibu, kisha vuta kope la chini kwa gumba la mkono wa pili, nao utando wa ndani utajitokeza wenyewe. Utazame juani, si ndani ya zizi. Wenye namba 4 na 5 wapewe dawa siku hiyo hiyo. Wa namba 3 wapewe ikiwa ni wadogo, wana mimba au wananyonyesha. Usiwanyweshe dawa kundi zima kila mwezi kwa mazoea, kwa kuwa ndivyo minyoo inavyojenga usugu dhidi ya albendazole, levamisole na ivermectin, na ukifika hapo Dorper wako hawatakuwa na dawa wala kinga ya asili. Na jike anayehitaji dawa mara tatu katika msimu mmoja aandikwe, kisha auzwe, hata akiwa mzuri wa umbo.

Malisho makavu: mambo hayako wazi kama wanavyodai wa pande zote mbili

Ukihama kutoka pwani au kinamasi ukaenda kwenye nyanda kavu, sifa kuu ya kondoo mwekundu hupungua thamani, kwa sababu mabuu hukauka na kufa juani. Katika utafiti na katika mazizi ya watu, pengo la tija kati ya mbegu hizi mbili huwa dogo mno sehemu za nusu kame katika miaka ya mvua za kawaida, na Dorper aliyetunzwa vizuri huweza kumpita kondoo mwekundu kwa sababu ya ukuaji wake. Hapo ndipo wanaompenda Dorper wana haki yao, na ni vema wapewe.

Tatizo ni kwamba miaka ya mvua za kawaida si mingi. Ukame wa 2008 na 2009 uliwamaliza ng'ombe na kondoo wengi wa Kajiado, na kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kufaulu katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika na kaskazini mwa Kenya. Katika vipindi kama hivyo ukubwa wa mwili, uliokuwa faida sokoni, huwa deni. Jike wa kilo 50 anayenyonyesha anahitaji chakula ambacho hakipo, na akilazimika kwenda mbali kukitafuta hutumia njiani sehemu kubwa ya kile alichokula. Kondoo mwekundu ana mkia wenye mafuta, akiba aliyoijaza wakati wa nyasi na anayoila polepole wakati wa njaa. Utauona mkia ukinywea mwezi hadi mwezi, ukabaki ngozi inayoning'inia, huku mwenye mkia bado anatembea. Mafuta hayo hayo ndiyo ambayo familia za Kimasai huyathamini kwa kumlisha mama aliyejifungua, thamani ambayo bei ya mnadani haiioni.

Anayetegemea kununua nyasi zilizofungwa wakati wa kiangazi afanye hesabu hii mapema. Tuseme ana majike 40 na kiangazi kitawaweka kwenye nyasi za kununua kwa siku 60, na kila furushi lina kilo 15. Dorper 40 watakula kilo 60 kwa siku, yaani mafurushi 4, au 240 kwa kipindi kizima. Majike wekundu 40 watakula kilo 40 kwa siku, au mafurushi 160. Tofauti ya mafurushi 80 izidishwe kwa bei ya mwezi wa ukame, si kwa bei ya mwezi wa mavuno, kisha ilinganishwe na nyongeza ya bei anayotarajia kwa wana wa Dorper. Kwa baadhi ya watu Dorper bado atabaki na faida. Kwa wengi hatabaki nayo, na ni afadhali kuligundua hilo kwenye karatasi.

Ukitaka kuona jinsi ardhi inavyogeuza uamuzi, linganisha Isinya na Amboseli, zote zikiwa Kajiado. Isinya iko karibu na Nairobi, mashamba mengi yamezungushiwa uzio, lori la nyasi hufika mlangoni na daktari wa mifugo hupatikana kwa simu. Hapo Dorper na machotara wenye damu nyingi ya Dorper wana sababu nzuri ya kuwapo. Ukiteremka kuelekea Amboseli, ambako mvua ya mwaka mzima huwa karibu milimita 350 na kundi hufuata nyasi mahali popote zilipo, hekima ya kumshika kondoo mwekundu, au angalau jike mwekundu, inajionyesha yenyewe.

Penye uzio, nyasi za kupandwa na soko la karibu

Nitasema kwa kifupi, kwa sababu hapa sina shaka. Mwenye shamba lenye uzio, nyasi za kupandwa kama boma rhodes, maji ndani ya kitalu, mtu wa kukagua macho kila juma mbili na mnunuzi anayelipa kwa kilo, achukue Dorper. Kumpa kondoo mwekundu chakula hicho chote ni kumlipia mnyama ambaye mwili wake hauwezi kukigeuza kuwa nyama kwa kasi inayolipa. Nyanda za juu zenye baridi na mvua, kama Molo na Nyandarua, zina kondoo wao wa sufu na nyama, Corriedale, Merino na Hampshire Down, na hao ni suala jingine lenye kuoza kwato na kukata manyoya ndani yake.

Hata penye nyasi nzuri, usiishie kwenye wingi wa nyasi. Lord Delamere alipoanza ufugaji Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaleta kondoo wa sufu kwenye nyanda zilizoonekana za kijani na tele, nao wakadhoofika na kufa kwa wingi, kwa kuwa udongo wa sehemu hizo ulipungukiwa na madini. Baadaye ilifahamika kwamba ugonjwa wa mifugo uliopewa jina la Nakuru ulitokana na upungufu wa kobalti. Jiwe la chumvi lenye madini linalofaa eneo lako ni gharama ndogo, na mkulima mwenzako aliyefuga kondoo hapo kwa miaka kumi anajua kinachopungua.

Chotara, na hesabu ambayo watu hawaifanyi

Wengi hutaka kupata yote mawili, kinga ya mama na mwili wa baba, na kwa kizazi cha kwanza hupata sehemu kubwa ya walichokitaka. Mwana wa jike mwekundu na dume la Dorper hukua kwa kasi kuliko mama yake, huvumilia minyoo kuliko baba yake, na ana ile nguvu ya uchotara inayoonekana kwenye uhai wake tangu siku za kwanza. Makosa huanza kizazi cha pili. Mfugaji akivutiwa na machotara wake huwabakiza majike, huwapandisha tena kwa dume la Dorper, na wajukuu wenye robo tatu ya damu ya Dorper hupoteza sehemu ya nguvu ya uchotara na sehemu ya ukinzani kwa mpigo mmoja. Baada ya miaka kumi kundi lote ni Dorper kwa jina na kwa udhaifu, bila utunzaji ambao Dorper anauhitaji.

Hili limetokea kwa nchi nzima. Hadi katikati ya miaka ya 1970 kondoo wekundu safi walikuwa wametapakaa katika nyanda za wafugaji wa Kenya. Kisha ukaja mpango wa kusambaza madume ya Dorper kwa bei ya ruzuku, bila wafugaji kuelekezwa namna ya kudumisha mfumo wa uchotara, na watu wakaendelea kupandisha mwaka hadi mwaka. Watafiti walipozunguka Kenya na kaskazini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 wakitafuta kondoo wekundu safi, waliwapata wachache mno, na hata kundi dogo walilolikusanya lilikuja kubainika kuwa na damu ya kuchanganyika. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa dume la Dorper linaweza kununuliwa leo na kesho, lakini ukinzani uliochukua karne nyingi kujijenga ukishayeyuka katika kundi hauuzwi dukani.

Njia sahihi ya uchotara ni kuwauza machotara wote, madume na majike, na kuwabakiza majike wekundu safi kama mama wa kudumu. Hiyo inamaanisha kwamba sehemu ya majike lazima ipandishwe na dume jekundu safi ili wapatikane warithi. Tuchukue kundi la majike 60, tukidhani kwamba kila majike 10 huachisha wana 8, na kwamba kila mwaka majike 12 huondolewa kwa uzee au ugonjwa. Ili upate majike wadogo 12 unahitaji wana 24, na wana 24 hutoka kwa majike 30. Nusu nzima ya kundi, basi, ni ya dume jekundu, na nusu nyingine tu ndiyo ya Dorper. Mwenye majike 10 hawezi kuendesha mambo haya peke yake. Afadhali majirani watatu au wanne wagawane kazi, mmoja akifuga wekundu safi na kuwauzia wenzake majike, wengine wakizalisha machotara wa soko.

Unaponunua dume jekundu, usinunue rangi. Kondoo mwenye manyoya mekundu anaweza kuwa mjukuu wa Dorper, na rangi haina uhusiano na minyoo. Tazama mkia: uwe mpana na wenye mafuta tangu shinani. Uliza kuhusu mama yake na dada zake, na kama muuzaji anakubali, angalia kope za majike wa kundi hilo mwezi wa Mei, si wa Septemba, kwa sababu Septemba karibu kila kondoo wa nyanda kavu ana kope nyekundu. Unapoweka dume la Dorper kwa majike wenye mikia ya mafuta, kaa nalo siku za kwanza. Dume lililokulia kati ya majike wenye mikia myembamba mara nyingi halijui kuusogeza mkia mnene, hupanda na kushuka bila kufika, na mfugaji asiyetazama hugundua baada ya miezi mitano kwamba hakuna aliyeshika mimba. Mchungaji huushika mkia kando kwa mkono, na baada ya siku kadhaa dume hujifunza. Majike wadogo wanaoshika mimba ya kwanza wapewe dume jekundu, ili wasizae mwana mkubwa kuliko nyonga zao.

Namna ya kulisha, na majira ya kupandisha

Uchaguzi wa mbegu unaweza kurekebishwa kidogo kwa namna unavyolisha. Penye vitalu, kondoo wakae kila kitalu siku tatu hadi nne, watoke kabla mayai waliyoyaangusha hayajawa mabuu ya kuambukiza, na wasirudi kabla ya mwezi mmoja kupita. Pasipo vitalu, wacheleweshe asubuhi hadi umande ukauke, na usiwaache wale hadi wafike kwenye shina la nyasi. Wapitishe ng'ombe kwanza au baada yao, kwa kuwa minyoo mingi ya kondoo haistawi ndani ya ng'ombe mzima. Na yale malisho yanayohifadhiwa karibu na boma, ambayo Wamasai wa Kajiado huyaita olopololi, wenzao wa Tanzania alalili na Wasukuma ngitili, yatengwe kwa majike wanaonyonyesha na wana wao, si kwa dume la kujivunia.

Mimba ya kondoo ni miezi mitano kasoro siku chache. Wamasai huyafunga madume kipande cha ngozi tumboni ili yasipande wakati usiofaa, na zana hiyo rahisi ina faida sawa kwa mbegu zote mbili. Ukiifungua mwanzo wa Juni, majike wakiwa bado na nyama ya masika, watazaa mwanzo wa Novemba mvua za vuli zikiwa zimeotesha nyasi, na maziwa yatakuwepo. Wana watakaoachishwa mwezi wa Februari watakutana na masika wakiwa na umri wa miezi mitano au sita. Kwa wana wekundu huo ni msimu wa kunenepa kwa ajili ya kuuzwa Juni. Kwa wana wa Dorper katika malisho yenye unyevu huo ndio wakati wa hatari kuliko yote, kwa hiyo waanze kukaguliwa macho juma la pili baada ya mvua ya kwanza, kila siku kumi na nne, na wale waliokwisha kufikia uzito wa soko wasisubiri Juni. Wauzwe Aprili, kabla minyoo haijawala.